Kurudi kwa Watu Baada ya Kifua Kikuu

Mgonjwa wa kifua kikuu huweza kupata nafuu ya kifua, akabaki na hofu moyoni. Wiki za mwanzo alilala peke yake, dirisha wazi, wageni wakizuiwa mlangoni. Sasa kliniki imemruhusu kuchanganyika na watu, lakini akisikia hodi hukimbilia chumbani. Akialikwa harusini husingizia uchovu. Njiani humwona kila mpita njia kama anamhesabu mbavu. Moyo humwenda mbio, viganja humtoka jasho, tumbo humsokota. Huo si uvivu wala kiburi, jamaa wasimlaumu.

Kifua kikuu huenea kwa hewa, pale mgonjwa asiyetibiwa anapokohoa au kupiga chafya. Hakienei kwa kupeana mkono wala kwa kula sahani moja. Anayemeza dawa zinazomfaa bila kuruka siku, kwa kawaida huacha kuambukiza baada ya wiki chache, ingawa dozi iliyozoeleka huendelea kwa miezi 6. Basi, jamaa, kama mlikitia kikombe chake alama ya rangi na kukiweka pembeni kabatini, kirudisheni pamoja na vingine. Mgonjwa hukiona kila asubuhi, na humuumiza kuliko maneno ya majirani.

Nawe uliyeugua, usingoje hofu iishe ndipo utoke. Kila unapojificha inazidi kuota mizizi. Anza na mtu mmoja unayemwamini, mkae barazani mnywe chai. Ukizoea, nenda dukani saa ambayo hakuna msongamano. Msikitini, kanisani au msibani utafika baadaye. Moyo ukianza kudunda, usigeuze njia papo hapo. Vuta pumzi polepole kwa pua, itoe taratibu zaidi, rudia mpaka utulie. Wadadisi hawakosekani, na huna deni la kuwasimulia kila kitu. “Niliugua, natibiwa, siambukizi tena” ni jibu tosha. Usitafute ujasiri kwenye pombe: pamoja na dawa hizi huweza kuumiza ini.

Kikohozi, homa za jioni au kukonda vikirudi, wahi kliniki. Na kama hofu inakunyima usingizi, inakuzuia kufuata dawa, au unawaza kujidhuru, usikae nayo peke yako: mwambie mtu wa nyumbani na mhudumu wa afya leo hii.