Kama nilivyopokea

Mama mmoja wa Palma, kaskazini mwa Msumbiji, ametuandikia kuhusu mwanawe, mvuvi. Kijana aliletewa audio kwenye grupu la WhatsApp: mwanamume asiyetaja jina anasema mashababi, yaani waasi, wameonekana upande wa Quionga, watu wahame usiku huuhuu. Akaipeleka kwenye magrupu mengine mawili, na chini yake akaandika "kama nilivyopokea". Kesho yake alisimamishwa kwenye kizuizi, simu ikafunguliwa, audio ikakutwa, akachukuliwa. Siku ya tatu mtu akaja nyumbani kusema kwamba faili bado halijafunguliwa, na pesa ikipatikana halitafunguliwa. Mama anauliza: nitoe?

Usitoe, mama. Huyo ni mla rushwa anayekula kwa hofu yako, na Sheria Na. 6/2004 iliandikwa kwa ajili ya watu kama yeye. Ukimlipa leo, kesho atarudi akiwa na bei nyingine, na wewe uliyetoa unaweza kugeuziwa kesi. Andika jina lake kama unalijua, namba aliyopigia, siku, saa, na maneno aliyosema. Karatasi hiyo ipeleke Procuradoria, ofisi ya waendesha mashtaka.

Tazama pia hesabu ya siku. Aliyekamatwa lazima afikishwe mbele ya hakimu ndani ya saa 48. Mwanao amezipita. Nenda IPAJ, ofisi ya msaada wa kisheria, mawakili wao hawalipishi maskini, uombe waandike habeas corpus, yaani ombi la kuachiwa aliyeshikwa kinyume cha sheria. Kifungu cha 66 cha Katiba kinaipa mahakama siku nane, si zaidi, kuamua ombi hilo. Usipoteze muda kueleza kwamba ni kijana mwema anayeswali. Uliza mambo manne: nani alimkamata, saa ngapi, kwa amri ya nani, na yuko wapi sasa. Wakikujibu kwamba yuko kambini kwa wanajeshi, haki hiyo haijafutika. Mwambie wakili aliandike jibu hilo kwenye ombi, maana raia hapaswi kuwekwa kambini.

Na ile simu? Katiba inalinda mawasiliano ya mtu, na kifungu cha 65 kinasema ushahidi uliopatikana kwa kuingilia mawasiliano kinyume cha haki ni batili. Sikwambii ugombane na mwenye bunduki barabarani. Mpe simu, urudi mzima. Lakini wakili aambiwe simu ilifunguliwaje, nani aliishika, na kama kijana alilazimishwa kutoa namba ya siri.

Sasa mtego wenyewe, kwa sababu barua kama hii si ya kwanza. Watu wengi wanaamini kwamba "kama nilivyopokea" ni kinga. Si kinga. Sheria ya ugaidi inaadhibu kwa kifungo cha miaka kueneza habari za uongo kuhusu mashambulizi, na aliyerekodi audio hapatikani kamwe. Anayepatikana ni yule ambaye simu yake iko mfukoni. Utetezi wa kweli ni kwamba hukujua kuwa ni uongo na ulijaribu kujua. Kwa hiyo jaribu, na alama ya kujaribu ibaki.

Audio ikija, sikiliza kama hakimu anavyomsikiliza shahidi. Anayesema ni nani? Aliona mwenyewe au ameambiwa? Amesema leo, au amesema "leo" ya mwaka jana? Audio isiyo na tarehe haizeeki, hurudi kila mara bunduki zinaposikika. Kama una ndugu Quionga, mpigie yeye kwanza. Ukitaka kuwaonya wa nyumbani kwako, waonye kwa kinywa chako: nimesikia hivi, nimempigia fulani, hakushika simu, sina uhakika. Hayo ni maneno ya mtu mkweli, na wakili anaweza kuyatetea. Kuisukuma sauti ya mtu usiyemjua kwa watu mia mbili ni jambo lingine.

Sisemi mtu asikimbie. Tarehe 24 Machi 2021, Palma iliposhambuliwa, mitandao ya simu ilikatika, na serikali ilikuja kuthibitisha siku iliyofuata. Aliyengoja tangazo alingoja chini ya risasi. Kukimbia si kosa, na miguu haidaiwi ushahidi. Ila uongo nao unaua. Tarehe 7 Aprili 2024, jirani zetu wa Nampula walijazana kwenye chombo cha uvuvi kutoka Lunga kwenda Kisiwa cha Msumbiji. Maofisa walisema walikuwa wakikimbia uvumi kuhusu kipindupindu. Zaidi ya 90 walikufa maji, wengi wao watoto.

Hapo ndipo ninapokasirikia sheria yetu. Inauadhibu uvumi, lakini dola hiyohiyo imewaziba midomo watu waliokuwa wakiuzima. Amade Abubacar wa redio ya jamii ya Nacedje alikamatwa Macomia Januari 2019 alipokuwa akizungumza na watu waliokimbia vijiji, akawekwa kambini Mueda. Yeye na mwenzake Germano Adriano wakaachiwa Aprili. Ibraimo Mbaruco wa redio ya jamii ya Palma alituma ujumbe tarehe 7 Aprili 2020 kwamba amezingirwa na wanajeshi. Hajaonekana tena. Redio hizo zilikuwa na majina, watu waliojulikana kwa sura, na mlango wa kugonga ukitaka kulalamika. Ukiwaondoa hao, unategemea mvuvi apate habari kwa nani?

Tunayo Sheria Na. 34/2014 ya haki ya habari. Unamwandikia administrador wa wilaya, naye ana siku 21 za kukujibu. Itumieni kuuliza fedha za barabara au orodha za misaada. Ni sheria nzuri kwa hayo. Kwa familia iliyofunga mizigo saa nne usiku, haina kitu. Bunge liliweza kuandika adhabu ya anayesambaza uongo. Basi liandike pia wajibu wa administrador kusema redioni, kwa Kimwani, Kimakonde na Kimakua, ndani ya saa chache, kama njia ya Quionga ni salama au si salama, na liweke adhabu kwa anayenyamaza.