Kura Zilizopotea Kinondoni: Mpiga Kura Anajibuje Matokeo?

Darasani tunafundishwa kusoma matokeo ya uchaguzi kwa kumtazama mshindi. Nani kapata ngapi, chama gani kimechukua jimbo, basi, tunafunga daftari. Swali linalorukwa ni la siku zinazofuata: mpiga kura wa kawaida, yule wa Tandale au Buza asiye na kadi ya chama wala fulana ya kampeni, ameyapokeaje matokeo hayo? Na sisi tutajuaje, wakati hakuna anayemwekea kipaza sauti mdomoni?

Uingereza walipofanya uchaguzi wao tarehe 4 Julai 2024, hata hosteli zetu zilikuwa na wachambuzi. Kilichozungumzwa zaidi ni kwamba Labour walipata viti 411 kati ya 650 kwa karibu asilimia 34 tu ya kura zote. Kwa mfumo ambao mwenye kura nyingi jimboni ndiye anayechukua kiti, hilo linawezekana kabisa, na ni mfumo huo huo tuliourithi sisi. Lakini namba iliyostahili mjadala ni nyingine: waliokwenda kupiga kura walikuwa karibu asilimia 60, kiwango cha chini kuliko chote tangu mwaka 2001. Watu wanne katika kila kumi walibaki nyumbani, na hao hakuna aliyewachambua.

Mfano mzuri wa kujifunzia tunao hapa hapa Dar, na uzuri wake ni kwamba una namba za kabla na za baada. Ni Jimbo la Kinondoni, mwaka 2015 na mwaka 2018.

Tuanze na 2015. Vyama vinne vilivyounda UKAWA, yaani CHADEMA, CUF, NCCR-Mageuzi na NLD, viliachiana majimbo. Uchaguzi ukafanyika Oktoba 25. Kitaifa John Magufuli wa CCM alishinda urais kwa asilimia 58.46, Edward Lowassa akapata 39.97. Dar es Salaam hadithi ilikuwa tofauti: kati ya majimbo kumi ya mkoa, upinzani ulichukua sita. Kawe, Ubungo, Kibamba na Ukonga yakaenda CHADEMA. Kinondoni na Temeke yakaenda CUF. Pale Kinondoni, Maulid Mtulia wa CUF alipata kura kama 70,000, na Iddi Azzan wa CCM aliyekuwa akilitetea jimbo akapata zaidi ya 65,000. Mchuano wa kweli, foleni ndefu, vijiwe vya Mwananyamala na Magomeni havilali. Nchi nzima waliojitokeza walikuwa asilimia 67, wakati mwaka 2010 hawakufika hata 43.

Desemba 2017 Mtulia akajiuzulu ubunge, akahamia CCM. Sababu aliyoitoa ilikuwa kuunga mkono juhudi za Rais, maneno ambayo yalikuja kuzoeleka mitaani mpaka yakageuka utani. Kwa Katiba yetu, ibara ya 71, mbunge akiacha kuwa mwanachama wa chama kilichomwingiza bungeni, kiti chake kinakuwa wazi. Kwa hiyo wananchi wakarudishwa kituoni Februari 17, 2018. Mgombea wa CCM akawa Mtulia yule yule. CHADEMA wakamsimamisha Salum Mwalimu. CUF nayo ilikuwa imeshapasuka, upande mmoja na Profesa Ibrahim Lipumba, upande mwingine na Maalim Seif Sharif Hamad.

Mtulia alishinda kwa kura zaidi ya 30,000. Mwalimu akapata zaidi ya 12,000.

Hebu rudia kuzisoma hizo namba taratibu. Kura zote za jimbo zima hazikufika 50,000. Yaani mwaka 2015 Mtulia peke yake alikuwa na kura nyingi kuliko zilizopigwa na Kinondoni nzima miezi ishirini na minane baadaye. Ukimtazama mshindi tu utasema CCM imelirudisha jimbo. Ni kweli imelirudisha. Lakini kura zake zimeshuka kutoka 65,000 na ushee hadi 30,000 na ushee, zaidi ya nusu zimeyeyuka, na hii ni pamoja na mgombea mpya aliyetarajiwa kuja na watu wake. Wapinzani nao hawakupata faida yoyote ya hasira: kutoka 70,000 za UKAWA hadi 12,000. Mpiga kura hakumfuata mtu alikokwenda, wala hakubaki kukitetea chama. Aliondoka.

Mchumi Albert Hirschman, katika kitabu chake cha mwaka 1970, anasema mtu asiyeridhika na taasisi ana njia mbili: kupaza sauti, au kuondoka, na uaminifu wake kwa taasisi ndio unaoamua atavumilia kwa muda gani. Wengi wetu tunakariri hili kwa ajili ya mtihani, kisha tunalitafutia mifano ya makampuni ya Marekani. Jamani, Kinondoni ipo dakika chache kwa daladala.

Najua pingamizi litakalokuja. Uchaguzi mdogo popote duniani huwa na watu wachache; hakuna urais, hakuna shamrashamra. Sawa. Pia siku moja kabla ya kura, polisi walipokuwa wakitawanya waandamanaji wa CHADEMA waliokuwa wakidai barua za mawakala wao, risasi ilimuua mwanafunzi wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji aliyekuwa ndani ya daladala. Alikuwa abiria tu, mwenzetu. Nani angeamka asubuhi ile akatembea kwenda kituoni akiwa na amani moyoni? Kwa hiyo siwezi kusema kila aliyebaki nyumbani alikuwa anamjibu Mtulia. Wengine walijibu woga, wengine walikuwa kwenye biashara zao Jumamosi ile. Ila hata ukiyatoa yote hayo, ukubwa wa anguko unabaki unahitaji maelezo, hasa upande wa CCM, ambao haukuwa na sababu ya kususa.

Kinachonishangaza ni kwamba sheria yetu, kwa jambo hili, inamheshimu mpiga kura kuliko ile ya Uingereza. Kule mbunge akihama chama anabaki na kiti chake. Mwaka 2024 Dan Poulter na Natalie Elphicke waliwaacha Conservative wakaingia Labour, na wapiga kura wao hawakuulizwa chochote mpaka uchaguzi mkuu ulipofika. Wapo waliojiuzulu kwa hiari wakaomba kura upya, kama Douglas Carswell mwaka 2014, lakini sheria haiwalazimishi. Sisi tunaulizwa upya. Tatizo ni pale swali linaporudi likiwa na jina lile lile na fulana ya rangi nyingine. Mtu wa Kigogo anajiuliza: mara ya kwanza nilijibu nini hasa?

Temeke ilikwenda mbali zaidi. Abdallah Mtolea wa CUF alihama Novemba 2018, akateuliwa na CCM, na akatangazwa kupita bila kupingwa. Huko Tandika na Keko hakukuwa hata na foleni ya kususia. Sheria ya uchaguzi ya mwaka 2024 imeondoa kupita bila kupingwa. Mgombea akiwa peke yake atapigiwa kura ya ndiyo au hapana. Mimi naona hili ni badiliko kubwa kuliko linavyozungumzwa, kwa sababu linampa mpiga kura namna ya kukataa ambayo inahesabika.

Kwa hiyo unapoandika asaimenti yako ya uchaguzi, usianze na asilimia za mshindi. Tafuta kwanza waliojiandikisha, kisha waliopiga, kisha linganisha idadi ya kura za chama hicho hicho, jimbo hilo hilo, mara iliyopita. Asilimia huficha: mtu anaweza kupanda kwa asilimia huku kura zake zimepungua nusu.

Na usisubiri uchaguzi ujao kupata data. Uchaguzi wa serikali za mitaa ulikuwa Novemba 27, 2024. Orodha yake ya wapiga kura ilikuwa tofauti na Daftari la Kudumu, iliandikishwa Oktoba 11 hadi 20, na uliandikishwa mtaa uliokuwa unaishi. Kama ulikuwa umepanga Makangarawe, ilikuwa Makangarawe, hata kama kadi yako ya mpiga kura uliichukulia Songea.