Jina la mwandishi liandikwe namna gani? Somo juu ya marejeleo katika makala ya kisayansi

Wandugu wanafunzi, orodha ya marejeleo mara nyingi huandikwa siku ya mwisho, makala ikiwa imekwisha na mwandishi amechoka. Ndiyo maana wengi huiona kuwa kazi ya nukta, mabano na herufi za mlazo tu. Katika somo hili nataka kuonyesha kwamba kwa sisi tunaosoma lugha na fasihi za Kongo, kuna swali kubwa kuliko nukta: jina la nani linaingia katika orodha, na linaingia namna gani? Kompyuta zinazotafuta maandishi ya wanachuoni hazimjui mtu. Zinajua herufi tu. Jina likivunjwa, nusu ya kazi ya mtu inahesabiwa kwa mtu mwingine ambaye hayupo.

1. Mwongozo wa jarida kwanza

Kabla ya kuandika rejeleo la kwanza, soma mwongozo ambao jarida limewaandikia waandishi. Wengine wanafuata APA, wengine MLA, wengine Chicago. APA huweka mwaka mara tu baada ya jina la mwandishi. MLA huupeleka mwishoni mwishoni, na ndani ya matini hutaja jina na ukurasa bila mwaka. Toleo la 7 la APA halidai tena mji wa uchapishaji, lakini majarida mengi ya Kifaransa bado yanautaka.

Kwa hiyo, unaposoma kitabu, andika kila kitu papo hapo: majina yote ya mwandishi, mwaka, kichwa, mji, mchapishaji na kurasa. Kufuta kisichotakiwa ni rahisi. Kurudi maktaba kutafuta namba ya ukurasa mmoja ni safari.

2. Majina yetu

Mitindo hii ilitengenezwa kwa watu wenye jina la kwanza na jina la ukoo. Johannes Fabian anakuwa «Fabian, Johannes», na mambo yamekwisha. Lakini Mkongomani ana jina, ana lile ambalo karatasi za serikali zinaliita postnom, na mara nyingi ana jina la ubatizo. Lipi litangulie?

Tumchukue mwanahistoria Isidore Ndaywel è Nziem. Mtu asiyejua, au programu ya kompyuta, atashika neno la mwisho na kuandika «Nziem, Isidore Ndaywel è». Hilo ni kosa. Ndaywel è Nziem ni jina moja, halikatwi. Tunaandika «Ndaywel è Nziem, Isidore», na ndani ya matini (Ndaywel è Nziem, 1998). Ukitumia Zotero, ambayo ni programu ya bure, jaza jina lote hilo katika nafasi ya jina la ukoo, na Isidore katika nafasi ya pili. Alama juu ya herufi è nayo ibaki.

Kuna jambo lingine. Mwaka 1972, siasa ya authenticité ilikataza majina ya Kikristo, na waandishi wakabadili sahihi zao. Valentin-Yves Mudimbe aliitwa Vumbi Yoka Mudimbe. Bahati nzuri herufi za mwanzo zilibaki zile zile, kwa hiyo «Mudimbe, V. Y.» inakusanya vitabu vyake vyote. Kwa Georges Ngal, mwandishi wa Giambatista Viko, haikuwa hivyo: anajulikana pia kama Mbwil a Mpaang Ngal, na kuna mahali ambapo jina limefupishwa kuwa M. a M. Ngal. Ushauri wangu: andika jina jinsi lilivyo kwenye kitabu ulichoshika mkononi, kisha ongeza jina lingine katika mabano ya mraba, kama jarida linaruhusu. Msomaji ajue kwamba ni mtu mmoja.

3. Miji na vyuo vilivyobadili majina

Kitabu kilichochapwa Élisabethville mwaka 1955 hakikuchapwa «Lubumbashi». Mji ulipata jina hilo mwaka 1966. Tasnifu iliyotetewa hapa mwaka 1976 ina jina la Université Nationale du Zaïre juu yake, kwa sababu kati ya 1971 na 1981 vyuo vikuu vyetu viliunganishwa kuwa kimoja. Usisahihishe historia ndani ya rejeleo. Andika kilichochapwa, ukitaka kumsaidia msomaji, weka jina la leo katika mabano ya mraba.

4. Nani hasa amesema?

Hapa ndipo pana uzito kuliko mahali pengine. Mwaka 1965, André Yav aliandika kwa Kiswahili cha mji wetu historia ya Élisabethville, kwa niaba ya chama cha watu waliokuwa boi wa wazungu. Mwaka 1990, Johannes Fabian aliichapisha pamoja na tafsiri ya Kiingereza na insha yake mwenyewe, katika kitabu History from Below, huko Amsterdam.

Katika rasimu nilizosoma, maneno ya Yav yananukuliwa, na baada yake tunaona (Fabian, 1990) peke yake. Basi mwenye maneno ametoweka! Sheria ni hii: ukinukuu maneno ya Yav, jina la Yav linatangulia, kwa miaka miwili, kama APA inavyofanya kwa maandishi yaliyochapwa upya: (Yav, 1965/1990). Katika orodha, rejeleo linaanza na Yav, kisha Fabian anatajwa kama mhariri. Ukinukuu maelezo ya Fabian, hapo andika (Fabian, 1990). Ukitumia vyote viwili, orodha yako itakuwa na marejeleo mawili, na ni sawa.

5. Maneno ya mdomo

APA inasema mazungumzo ambayo msomaji hawezi kuyapata, kama simu au barua ya binafsi, yatajwe ndani ya matini tu, pamoja na tarehe, na yasiingie katika orodha. Lakini wazee uliowahoji kwa ajili ya utafiti wako ni kitu kingine: hao unawaeleza katika sehemu ya mbinu, na unataja majina yao kama tu wamekubali. Mwimbaji wa kasala ambaye kazi yake imerekodiwa na kuhifadhiwa ana haki ya rejeleo kamili, kama mwandishi wa kitabu.

6. Ukaguzi wa mwisho

Chapa orodha kwenye karatasi. Soma makala kutoka mwanzo, na kila jina unalokutana nalo ndani ya matini, liwekee alama katika orodha. Jina lisilo na alama liondolewe. Jina lililo katika matini bila kuwa katika orodha liongezwe. Linganisha pia miaka na namna jina lilivyoandikwa, herufi kwa herufi.

Mwisho, amua leo jinsi utakavyotia sahihi makala zako. Tuseme majina yako ni Ilunga, Kabwe na Joseph. Ukiandika «Joseph Ilunga» mwaka huu na «Kabwe I. J.» mwaka kesho, umejigawa mwenyewe. Chagua namna moja, na ujiandikishe ORCID, namba ya bure inayomfuata mtafiti hata akibadili jarida au chuo.

Zoezi

Chukua vitabu vitatu vya waandishi Wakongomani katika maktaba ya kitivo. Andika rejeleo la kila kimoja kwa mtindo wa APA, kisha wa MLA. Mpe mwenzako orodha hiyo bila maelezo, umtume rafuni. Akirudi na vitabu vyote vitatu, marejeleo yako ni mazuri.