SOMO LA USALAMA KAZINI: Miale ya Gamma na Vyuma Chakavu



Mwaka 1932, huko Cambridge, Uingereza, Cockcroft na Walton walirusha protoni kwa nguvu ya umeme zikagonga viini vya atomu za lithiamu, vikapasuka. Protoni ni chembe ndogo iliyomo ndani ya kiini cha kila atomu. Kiini kikigongwa hivyo, mara nyingi hubaki na nguvu iliyozidi, nacho huitoa kwa mwali wa gamma. Mwali huo hauonekani wala haunuki, lakini hupenya nyama, mfupa na bati. Kuupunguza kunahitaji risasi nene au zege.

Shika jambo hili: mashine ya protoni ikizimwa, gamma ya mgongano hukoma.

Gamma ambayo mfanyakazi wa Jinja au Mbale anaweza kukutana nayo ni ya namna nyingine. Hutoka katika kipande kidogo cha kobalti-60 au sesiamu-137, kilichofungwa ndani ya boksi la risasi, kinachotumika kupimia ujazo wa matangi. Viini vyake huvunjika vyenyewe, usiku na mchana, wala hakuna swichi. Nguvu ya kobalti hupungua nusu kwa miaka 5 na kidogo. Ya sesiamu kwa miaka 30. Kiwanda hufungwa, mitambo huuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na kipande kile bado kinafanya kazi.

Mwishoni mwa 1983, huko Ciudad Juárez, Mexico, mashine ya tiba iliuzwa kama chuma chakavu. Kobalti yake ikayeyushwa pamoja na chuma, zikatoka nondo, na nyumba nyingi zilizojengwa nazo zikabomolewa. Mwaka 1987, mjini Goiânia, Brazil, waokota vyuma walifungua chombo cha sesiamu. Watu walipendezwa na unga uliong'aa buluu gizani, wengine wakajipaka. Wanne walikufa, mmoja wao mtoto wa miaka 6.

Jinja kuna viwanda vinavyoyeyusha vyuma chakavu. Kulipwa kwa kilo ndiko kunakotuponza, maana risasi ni nzito na ina bei.

Sheria ya Nishati ya Atomiki ya Uganda, ya 2008, inamtaka mwenye chombo cha namna hii awe na kibali cha Baraza la Nishati ya Atomiki. Mwakilishi wako na aulize kibali kiko wapi.

Ukikuta boksi zito kupita umbo lake, au lenye alama ya mabawa matatu juu ya rangi ya njano, usilikate kwa gesi wala usiligonge nyundo. Ondokeni nyote: umbali ukiwa mara mbili, mionzi hubaki robo. Kazi isimame mpaka wenye vipimo wafike.