Rangi ya Kiini cha Yai

Wanunuzi wengi wa mayai hupasua moja kwanza na kutazama kiini. Kikiwa chekundu kama chungwa bivu husema, "Hili lina vitamini." Kikiwa cheupe hulidharau. Maneno hayo yana ukweli nusu tu, nami nataka kuyachambua, kwa kuwa mzazi anayelipa zaidi kwa ajili ya mtoto asiyeona vizuri wakati wa usiku yampasa kujua anachonunua.

Rangi ya kiini hutoka katika chakula cha kuku. Mahindi ya manjano na majani mabichi yana rangi ambazo kuku hawezi kujitengenezea mwenyewe. Akizila, huingia katika kiini. Mahindi meupe hayana rangi hizo ila kidogo sana. Katika banda la shule yetu kuku walikuwa wakila pumba za mahindi meupe, na viini vilikuwa vyeupe. Tulipoanza kuwapa mchicha na majani ya viazi vitamu kila asubuhi, zilipita kama wiki mbili viini vikawa vya manjano.

Je, vitamini A nayo iliongezeka? Yamkini, maana majani hayo yana karotini, na mwili wa kuku huigeuza kuwa vitamini A. Lakini rangi nyingi zinazopendeza katika kiini hazigeuki hivyo. Mfugaji huweza kutia katika chakula unga wa maua ya manjano, kiini kikang'aa, vitamini A isizidi. Mwingine hutia mafuta ya ini la samaki, kiini kikabaki cheupe, na vitamini A ikawamo tele.

Vitamini D ni habari ya jua. Kuku anayetembea nje mchana huitia zaidi katika kiini kuliko yule afungiwaye ndani akila chakula kile kile. Hapa ndipo bibi zetu, wapendao kuku wa kuzurura, wana haki.

Rangi ya gamba haina maana yoyote. Hufuata aina ya kuku. Nalo jaribio la kutia yai majini latuambia umri wake tu: jipya hulala chini, la zamani huinuka kwa sababu hewa imezidi ndani yake.

Vitamini C haimo katika yai lolote, la manjano wala jeupe. Hiyo tuitafute katika machungwa na mapera.