Picha Katika Miongozo ya Utafiti ya Maktaba: Jinsi ya Kuziweka na Kuzitunza

Mkulima anayeona matundu kwenye majani ya mahindi yake hana haja ya sura nzima ya kitabu. Anataka kumtazama mdudu aliye naye kiganjani, kisha atazame picha, aseme ni huyu au si huyu. Viwavijeshi vamizi, ambao walithibitishwa kuingia Kenya mwaka wa 2017, hufanana na viwavi wengine wa mahindi mpaka uwakaribie. Kichwani wana alama nyeupe mfano wa herufi Y iliyopinduliwa, na kwenye pingili ya pili kutoka mwisho wa mwili wana madoa manne meusi yaliyokaa kama pembe za mraba. Picha moja nzuri huonyesha hayo mara moja. Picha yenye ukungu, au ya mdudu mwingine kabisa, humfanya mtu anunue dawa isiyofaa huku shamba likiendelea kuliwa.

Ndiyo sababu somo la toleo hili linahusu picha katika miongozo ya utafiti. Mwongozo wa utafiti ni ukurasa wa mtandaoni, au kurasa kadhaa, ambao mkutubi huuandaa kuhusu mada moja: vitabu vilivyopo rafuni, ramani, ripoti, na viungo vya tovuti zinazoaminika, vyote mahali pamoja. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliweka maktaba miongoni mwa majukumu ya serikali za kaunti, kwa hivyo miongozo ya aina hii ni kazi yetu na ni mali ya wakazi. Maktaba nyingi duniani, zikiwemo za baadhi ya vyuo vikuu nchini, hutumia programu ya LibGuides ya kampuni ya Springshare ya Marekani. Ziko programu nyingine, na hata ukurasa wa kawaida wa tovuti hutosha. Mengi ya tutakayoeleza yanafaa kote.

Somo limekusudiwa walimu, vijana wanaojitolea maktabani, na wanachama wa vikundi vya wakulima na vya historia ambao huombwa kusaidia kukusanya picha. Tutautumia mwongozo wa viwavijeshi kama mfano, kwa kuwa unagusa meza ya kila nyumba.

Picha iwe na kazi

Kabla ya kupakia picha yoyote, jiulize: nikiiondoa, msomaji atakosa nini? Picha ya madoa manne ya kiwavi haiwezi kuondolewa. Picha ya jua linalochomoza juu ya shamba la mahindi, hata ikiwa inapendeza kiasi gani, yaweza kuondolewa bila mtu yeyote kugundua. Mwongozo wenye picha nne zinazofundisha ni bora kuliko wenye ishirini za mapambo.

Ukishachagua, ikate picha ibaki na kile unachotaka kionekane. Kama lengo ni alama ya Y, kichwa cha kiwavi kijaze picha. Vidole vya aliyemshika na viatu vya aliyesimama nyuma havina faida kwa msomaji. Weka nakala ya picha ya awali kando kabla ya kukata, maana huenda kesho ukahitaji sehemu uliyoitupa.

Uzito wa picha ni pesa ya msomaji

Hapa ndipo miongozo mingi huharibikia. Picha ya simu ya kisasa mara nyingi huwa na upana wa pikseli 4,000 na urefu wa 3,000, na faili yake hufika megabaiti 4 hivi. Weka kumi za namna hiyo kwenye ukurasa mmoja, na mkazi aliyenunua bando la megabaiti 50 atakuwa ametumia 40 kabla hajasoma hata sentensi ya mwisho. Mahali ambapo mtandao ni hafifu, ukurasa hautafunguka kabisa.

Picha hiyohiyo ikipunguzwa hadi upana wa pikseli 1,000 na kuhifadhiwa kama JPEG ya ubora wa kadiri ya asilimia 75 hadi 80, kwa kawaida hushuka hadi kilobaiti 150 au 200. Picha kumi zitakuwa megabaiti 2 hivi. Kwenye skrini ya simu, msomaji hataona tofauti.

Zingatia jambo moja linalowachanganya wengi. Ukipakia picha kubwa kisha ukaishika pembeni na kuivuta iwe ndogo ndani ya ukurasa, hujapunguza chochote. Imeonekana ndogo tu. Simu ya msomaji bado inapakua faili nzima. Ipunguze kwanza kwenye kompyuta au simu yako, ndipo uipakie. Programu ya picha iliyomo ndani ya kompyuta ya kawaida inatosha; hakuna haja ya kununua nyingine.

Kuhusu aina za faili, JPEG inafaa kwa picha za kamera. PNG inafaa kwa michoro, ramani zenye mistari na herufi, na nembo. Baadhi ya simu huhifadhi picha kwa mtindo wa HEIC, ambao vivinjari vingi havifungui. Zigeuze kuwa JPEG.

Kwa yule asiyeiona picha

Mwanafunzi asiyeona hutumia kisoma skrini, yaani programu inayomsomea kwa sauti kilichoandikwa. TalkBack huja na simu nyingi za Android, na NVDA hupatikana bure kwa kompyuta za Windows. Programu hizi zikifika kwenye picha husoma maelezo mbadala, yale maneno machache ambayo mwandaaji huyaandika kwenye kisanduku chake wakati wa kuweka picha. Kisanduku kikiachwa wazi bila mpango, huenda msikilizaji akasomewa jina la faili: herufi na tarakimu mfululizo zisizo na maana.

"Mdudu" si maelezo ya kutosha. "Kichwa cha kiwavi cha rangi ya kahawia iliyokolea chenye alama nyeupe kama Y iliyopinduliwa" yanatosha. Usianze kwa maneno "picha ya", kwa sababu kisoma skrini kimekwisha kumwambia kwamba hiyo ni picha. Kama picha ni pambo tu na umeshikilia ibaki, iweke alama kuwa ni pambo au acha maelezo tupu kwa makusudi, ili programu iiruke. Maelezo haya humsaidia pia mwenye mtandao dhaifu, maana picha ikikataa kufunguka maneno hubaki.

Kuna tabia moja ambayo sisi wa ofisi za umma tunaipenda mno: kuchapa tangazo, kulipiga picha, kisha kuipakia hiyo picha. Maneno yaliyo ndani ya picha hayasomwi na kisoma skrini, hayatafutiki, na kwenye simu ndogo hayasomeki hata kwa mwenye macho mazuri. Ratiba ya kupanda, vipimo vya dawa na nambari za kupiga ziandikwe kama maandishi ya kawaida kwenye ukurasa. Kipimo cha dawa kilichosomwa vibaya kinaweza kumdhuru mtu.

Picha ni ya nani?

Kupatikana kwa picha mtandaoni si ruhusa ya kuitumia. Mtambo wa kutafuta hukuonyesha tu ilipo. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya 2001, picha hulindwa kwa miaka 50, ikihesabiwa kutoka mwisho wa mwaka ambao ilipigwa, ilitolewa kwa umma au ilichapishwa mara ya kwanza, kwa kufuata tarehe iliyo ya mwisho kati ya hizo. Picha iliyopigwa na kuchapishwa mwaka wa 1968 ililindwa hadi mwisho wa 2018. Lakini picha ya mwaka huohuo iliyokaa sandukuni na kuchapishwa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1990 italindwa hadi mwisho wa 2040. Umri wa karatasi peke yake hautoshi kukupa jibu.

Njia salama ni kupiga picha mwenyewe, kumwomba mwenye picha ruhusa ya maandishi, au kutumia picha zenye leseni huru, kama zile za Wikimedia Commons. Leseni za Creative Commons hutofautiana, hivyo zisome. CC BY inakutaka umtaje mwenye kazi. Ikiongezwa SA, ukiibadilisha picha lazima nawe uitoe kwa leseni hiyohiyo. NC inakataza matumizi ya kibiashara. ND inakataza kusambaza picha iliyobadilishwa, kwa hivyo usiichague kama unapanga kuikata. CC0 haikudai chochote, ingawa ni vyema kutaja ulikoitoa. Chini ya picha andika jina lake, aliyeipiga, mahali ilipotoka na leseni yake. Mstari mmoja unatosha.

Usitumie anwani ya picha iliyo kwenye tovuti ya mtu mwingine ili ijitokeze kwenye ukurasa wako. Siku mwenyewe akiihamisha, mwongozo wako utabaki na pengo, au utaonyesha kitu kingine ambacho hukukikusudia.

Watu waliomo pichani nao wana haki. Chini ya Sheria ya Kulinda Data ya 2019, picha inayomtambulisha mtu ni data yake binafsi. Mwombe ridhaa na umweleze wazi itakapoonekana. Kwa mtoto, ridhaa hutoka kwa mzazi au mlezi. Aliyekubali leo ana haki ya kuiondoa ridhaa yake baadaye. Kumbuka pia kwamba simu nyingi huandika ndani ya faili mahali picha ilipopigwa. Picha ya shamba la mjane mmoja yaweza kumwonyesha mtu asiyemjua njia ya kufika kwake. Zima mahali kwenye kamera kabla ya kupiga, au futa taarifa hizo kwenye kompyuta kabla ya kupakia.

Hazina ya picha

LibGuides ina hazina ya picha ya kila mwandaaji, na nyingine ya pamoja. Picha inayotumiwa na miongozo kadhaa, kama nembo ya kaunti au ramani ya wadi, iwekwe kwenye ile ya pamoja mara moja tu, kila mtu aichukue hapo. Ipe faili jina linaloeleweka, bila nafasi katikati: kiwavijeshi-kichwa-2024.jpg. Jina kama IMG_0047.jpg halitamsaidia atakayeipokea kazi yako ukihamishwa.

Kuondoa picha kwenye ukurasa si kuifuta. Inabaki hazinani, na mwenye anwani yake bado anaweza kuifungua. Mzazi akiomba picha ya mtoto wake itolewe, ni lazima ifutwe hazinani pia. Kwa upande mwingine, ukifuta picha hazinani bila kuangalia inapotumika, kila ukurasa ulioitumia utabaki na pengo. Kwa hiyo weka daftari au jedwali dogo la kompyuta: jina la faili, aliyeipiga, leseni au barua ya ridhaa, na miongozo inamotumika. Ni kazi ya dakika moja kwa picha, na bila daftari hilo ombi la mzazi huyo linaweza kuchukua wiki nzima.

Kabla ya kutangaza mwongozo, ufungue kwenye simu ya kawaida kwa bando, si kwa mtandao wa ofisini. Washa TalkBack, fumba macho, usikilize. Mpe ofisa wa kilimo wa wadi athibitishe kwamba kiwavi aliye pichani ndiye hasa. Kisha uupitie tena kila mwaka kabla ya msimu wa kupanda.

Wakazi wenye picha za mazao, wadudu, masoko ya zamani au shughuli za vijijini wanaoweza kuzitoa kwa matumizi ya miongozo wafike kwenye maktaba ya umma iliyo karibu nao. Waje na picha ya awali, si iliyotumwa kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, kwa sababu hiyo huwa imepunguzwa. Waje pia na jina la aliyeipiga, mwaka ilipopigwa, na kama kuna watu pichani, majina ya wa kuombwa ridhaa.