Kilimia na Mafungu Makubwa ya Nyota



Tukitoka baada ya Isha mwezi wa Januari hapa Old Moshi, mawingu yakiwa yamefunguka, twaona juu upande wa mlima fungu dogo la nyota. Hicho ndicho Kilimia, kwa Kiarabu Thurayya. Jina latokana na kulima, kwani wakulima walikitumia kujua majira. Macho huona nyota sita au saba, lakini zimo zaidi ya elfu moja. Zilizaliwa pamoja yapata miaka milioni 100 iliyopita, na sasa zinatawanyika polepole. Je, kwa nini mafungu mengine hudumu na mengine hupotea?

Kuzaliwa kwake

Nyota huzaliwa katika mawingu ya gesi baridi na vumbi, yanapojikunja kwa uvutano wake yenyewe. Galaksi yetu huzaa kidogo kidogo. Lakini galaksi mbili zikigongana au kupitana karibu, gesi hubanwa mno na nyota huzaliwa kwa mkupuo. Mfano ni galaksi ya M82, iliyovutwa na jirani yake M81. Darubini ya Hubble, iliyorushwa mwaka 1990, imeonyesha humo mafungu makubwa zaidi ya mia moja.

Mitihani miwili

1. Gesi kuondoka. Nyota kubwa hupuliza nje gesi iliyobaki. Uzito wa gesi hiyo ulisaidia kulishika fungu. Ikitoka ghafla, nyota hutawanyika. Lakini palipobanwa sana, sehemu kubwa ya gesi huwa imekwisha kuwa nyota, na fungu husalimika.

2. Majirani. Mawingu mazito na uvutano wa galaksi hunyakua nyota za pembeni. Fungu zito lililoshikana hustahimili zaidi.

Waliosalia

Galaksi yetu ina mafungu makongwe ya mviringo yapata 150, mengi yakiwa na umri wa miaka zaidi ya bilioni 10. Wataalamu wengi huona kuwa yalizaliwa kwa njia kama hiyo. Jua letu nalo yaelekea lilizaliwa katika fungu, ila ndugu zake wametawanyika zamani.

Basi tusikiache Kilimia kibaki jina tu. Tukitafute kabla taa hazijatuzibia anga.

Zoezi

1. Hesabu nyota za Kilimia kwa macho matupu, kisha linganisha na mwenzako.
2. Kwa nini fungu hulegea gesi inapoondoka?
3. Waulize wazee: Kilimia kiliwaonyesha majira gani?